Unatafuta parokia ya kijijini Uskoti? Kamusi ya Groome, ramani za NLS, vitabu vya majina au ScotlandsPeople, ipi uanze nayo

Swali linakuja hivi: mtu ana jina la mahali Uskoti limeandikwa kwenye karatasi ya zamani, labda barua ya mmishenari, labda cheti cha ndoa cha babu wa mume wake, labda ni mwanafunzi anaandika tasnifu kuhusu wale jamaa wa kampuni ya IBEA (Imperial British East Africa Company) walioingia Mombasa, na hilo jina ukiliandika Google Maps ama halipo kabisa ama linatokea sehemu sita tofauti. Basi anakimbilia ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Uskoti yenye rejista za watu, ananunua krediti, anafungua picha moja baada ya nyingine na wote sio watu wake. Mimi nasema tulia kwanza. Njia zipo kama tano hivi na hazifanani, kila moja ina kinachoijua na kisichoijua, na ukikosea ya kuanzia utachoma bando na hela bure.

Tuelewane kwanza parokia ni nini, maana sisi tukisikia parokia tunawaza padri na misa ya Jumapili. Kule ilikuwa ni kipande cha nchi kabisa chenye mipaka, chukulia kama kata yenye kanisa lake, ndo iliyokuwa inashika ubatizo, ndoa, shule, msaada wa maskini, kila kitu. Zilikuwa zaidi ya 900 nchi nzima. Kwa hiyo rekodi ya mtu wa kijijini ya kabla ya 1855 imekaa chini ya jina la parokia, sio la kijiji, sio la shamba. Na hapo ndo balaa linapoanzia, maana mwenyewe akiulizwa anataja shamba, barua inataja kijiji chenye posta, na rejista haijui vyote viwili.

Nitatumia watu ambao huku kwetu tunawajua ili tusiongee hewani. Yupo Joseph Thomson, yule ambaye swala tomi kapewa jina lake na maporomoko ya Nyahururu yakaitwa Thomson's Falls baada ya kupita 1883. Yupo John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar enzi za Sultan Barghash, kima punju wa Jozani jina lake la kisayansi limetoka kwake. Na William Mackinnon, tajiri wa meli aliyeanzisha hiyo IBEA. Wote ni Waskoti na wote watatu sehemu zao zina mtego.

Kamusi ya Groome dhidi ya ramani za NLS

Hizi mbili ndo za bure na ndo watu wanazichanganya sana.

Groome ni kamusi ya mahali, Ordnance Gazetteer of Scotland, Francis Groome aliisimamia ikatoka kati ya 1882 na 1885, mabuku sita. Unaipata bure mtandaoni, maandishi yake yameingizwa kwenye tovuti ya Gazetteer for Scotland na kurasa zake zimeskaniwa na Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ile inayoitwa NLS kwa kifupi. Uzuri wake ni kwamba kila kijiji inakwambia palepale mstari wa kwanza kiko parokia gani na kaunti gani, halafu stesheni ya treni iliyo karibu, posta, na kama ni parokia yenyewe inakupa mpaka majirani zake wa pande zote nne. Chukua Thomson. Kila anayemtaja anamhusisha na Thornhill ya Dumfriesshire, sasa wewe ukienda kwenye orodha ya parokia kutafuta Thornhill hutaiona mpaka kesho, sababu haipo. Thornhill ni mji mdogo ndani ya parokia ya Morton. Na yeye mwenyewe hakuzaliwa hapo, alizaliwa Penpont mwaka 1858, ng'ambo ya mto Nith, parokia nyingine kabisa, ndo baadaye familia ikahamia Gatelawbridge kwenye machimbo ya mawe upande wa Morton. Kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa kiko Penpont na sensa ya utotoni baada ya kuhama unaitafuta Morton, na neno Thornhill lililokuleta hapa halikusaidii kwa chochote zaidi ya kukuonyesha mtaa. Groome anakutoa kwenye huo mkanganyiko bila kulipa senti.

Ila Groome mashamba madogo hana. Majumba ya mabwana anayo, mito anayo, vijiji anavyo, lakini kibanda cha mchunga kondoo au shamba la familia moja usitegemee. Hapo ndo unahamia ramani.

Ramani za NLS ni hazina jamani, nasema kweli. Ramani za Ordnance Survey, idara ya serikali ya kupima na kuchora ramani, za inchi sita kwa maili moja, toleo la kwanza lilipimwa kuanzia miaka ya 1840 mpaka kama 1880 hivi, na ukiifungua unaona kila nyumba, kila kisima, kila shimo la mawe. Mpaka wa parokia umechorwa kwa nukta nukta na jina la parokia limetandazwa kwa herufi kubwa zilizoachana, yaani unaweza ukavuta ramani muda mrefu ndo ukutane na herufi inayofuata. Kuna kitelezi cha kufifisha ramani ya zamani uone picha ya setilaiti ya leo chini yake. Na kuna kisanduku cha kutafutia kinachotumia orodha inayoitwa GB1900, hiyo ni kazi ya watu wa kujitolea walionakili majina yote yaliyo kwenye toleo la pili la inchi sita, la kati ya 1888 na 1914, zaidi ya majina milioni 2.5. Ukiandika Gatelawbridge inakupeleka. Ukiandika Balinakill, ile nyumba ya Mackinnon kule Kintyre, vilevile.

Tatizo la ramani ni lile lile la wingi wake. GB1900 ni ya Uingereza yote, Wales na England zimo, na ukiandika jina la kawaida kama Burnside au Newton au Milton utapewa orodha ndefu mpaka ujute. Pia ni nzito, kwa simu yenye ramu ndogo inakwama kwama. Kwa hiyo mimi naamua hivi: ukiwa na jina la kijiji anza na Groome, ukiwa na jina la shamba ambalo sio la kawaida anza na ramani, na ukiwa na jina la shamba la kawaida sana usianze na yoyote kati ya hizo mpaka upate angalau kaunti.

Ngoja niweke hapa la Mackinnon maana linaonyesha vizuri. Alizaliwa Campbeltown 1823, hiyo rahisi, Campbeltown ni mji na ni parokia pia. Lakini kazikwa Clachan mwaka 1893. Sasa Clachan Uskoti ziko nyingi, magharibi na visiwani zimejaa. Groome atakuorodheshea kadhaa na kwa kila moja atakwambia parokia, wewe unachagua ile ya Kintyre, Argyll, na jibu ni Kilcalmonell. Ramani pekee ingekuonyesha Clachan zote bila kukwambia ipi ni ipi. Halafu kwenye rekodi za zamani usishangae ukiona imeandikwa Kilcalmonell and Kilberry, ziliunganishwa zikawa zinahesabika moja, usidhani umepotea.

Vitabu vya majina vya Ordnance Survey

Hivi watu wengi hawavijui na mimi ndo navipenda kuliko vyote. Wapimaji walipokuwa wanachora hizo ramani, kati ya 1845 na 1880 kwa Uskoti, hawakuandika majina kichwani mwao tu, walitembea na madaftari. Kila ukurasa una safu. Ya kwanza jina kama litakavyoandikwa kwenye ramani, ya pili namna mbalimbali linavyoandikwa, ya tatu nani kasema liandikwe hivyo, halafu mahali lilipo, na mwisho maelezo mafupi ya kitu chenyewe, kwamba hii ni nyumba ya ghorofa moja imeezekwa nyasi, inakaliwa na fulani, ni mali ya bwana fulani. Hiyo safu ya tatu ndo tamu. Utakuta mchungaji wa parokia kasema hivi, mwalimu wa shule kasema vile, msimamizi wa shamba la bwana ana lake la tatu, na mpimaji kachagua moja. Kwa hiyo kama karatasi yako ina tahajia ya ajabu ambayo haipo kwenye ramani yoyote, kuna uwezekano mkubwa iko kwenye safu ya pili ya hiki kitabu, ilikataliwa tu.

Ukilinganisha na ramani, vitabu vya majina vinakupa kitu ambacho ramani haiwezi, yaani sababu. Na vimepangwa kwa kaunti na parokia kwa hiyo ukishalipata jina parokia unayo mkononi. Vimepigwa picha na watu wa kujitolea wamevinakili, vilijulikana sana kupitia mradi wa ScotlandsPlaces, ukivitafuta andika jina la rekodi lenyewe, Ordnance Survey Name Books, pamoja na jina la kaunti. Ubaya, mwandiko. Mwingine aliandika kama anakimbizwa. Na sehemu za Kigaeli, Highlands na visiwani, wapimaji wengi hawakujua lugha, wakaandika walichosikia mpaka mchungaji akaja kurekebisha, kwa hiyo huko usiamini tahajia moja.

Kwa mtu ambaye jina lake liko wazi na anajua kaunti, hivi vitabu sio lazima. Kwa mtu mwenye jina lililopinda ndo mkombozi.

ScotlandsPeople: nzuri, ila iwe ya mwisho

Hii ndo tovuti rasmi ya serikali, rejista za kiraia kuanzia 1 Januari 1855, rejista za parokia za zamani kuanzia 1553 (ile ya kwanza kabisa ni ya Errol, Perthshire, parokia nyingi zimeanza baadaye sana), na sensa kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921. Kutafuta kwenye faharasa ni bure ukijisajili, picha ya rekodi ndo unalipia krediti.

Kwa kutafuta mahali, ScotlandsPeople ni dhaifu, lazima tuambiane. Inadhani tayari unaijua parokia. Inakupa orodha uchague, ukichagua Thornhill haipo, ukiandika shamba haikuelewi. Nguvu yake ni pale unapokuwa na jina la mtu lakini mahali huna, halafu unajua rekodi ipi ya kununua. Na hapo kuna mambo ya kushika. Sensa ya 1841 usiinunue kwa ajili ya mahali alipozaliwa mtu, inauliza tu kama kazaliwa kaunti ile ile au la, ila kuanzia 1851 wanaandika parokia aliyozaliwa na kaunti, hiyo ndo ya kulipia. Ukibahatika mtu wako ana rekodi ya mwaka 1855 wenyewe, ichukue bila kufikiri, mwaka huo wa kwanza fomu ilikuwa ndefu kiasi kwamba cheti cha kuzaliwa kina mpaka walipozaliwa baba na mama, mwaka uliofuata wakapunguza maana makarani waliona kazi imezidi. Na cheti cha kifo cha Uskoti kina majina ya wazazi wote wawili, mama kwa jina la kwao, hiyo England hawana.

Kirk alizaliwa 1832 kwa hiyo ni wa rejista za zamani, parokia ya Barry, baba yake ndo alikuwa mchungaji pale. Ukiandika Barry kwenye intaneti unapelekwa Wales. Ukisoma kaunti utaona Forfarshire kwenye rekodi moja na Angus kwenye nyingine na ni kaunti ile ile. Na kama karatasi yako inasema Carnoustie badala ya Barry basi una kazi mara mbili, sababu Carnoustie nusu iko Barry na nusu iko Panbride, huwezi kujua bila kuangalia mtaa kwenye ramani.

Hilo la kaunti lina wenzake, andika pembeni: Edinburghshire ni Midlothian, Haddingtonshire ni East Lothian, Linlithgowshire ni West Lothian, Elginshire ni Moray, Zetland ni Shetland. Na kaunti zote hizo zilifutwa kama serikali za mitaa 1975, ndo maana Google inakwambia Dumfries and Galloway wakati rejista inasema Dumfriesshire.

Kama parokia yenyewe imekufa

Hapa Groome anaweza kukuangusha, na ramani pia, maana parokia zilizounganishwa karne ya 17 au 18 hazikusubiri wapimaji. Mfano Kirkmichael. Ukilitafuta jina hilo utapata Perthshire, Ayrshire, Banffshire, Dumfriesshire, unachanganyikiwa kuchagua kati ya nne, kumbe yako ni ya tano, ile ya Ross-shire kwenye Black Isle iliyounganishwa na Cullicudden 1662 ikawa Resolis. Jirani yake Suddie na Kilmuir Wester ziliunganishwa 1756 zikaitwa Knockbain. Dawa ya hii ni Statistical Accounts, maelezo yaliyoandikwa na wachungaji wenyewe parokia kwa parokia, ya kwanza 1791 hadi 1799 chini ya Sir John Sinclair, ya pili 1834 hadi 1845. Mchungaji anaanza karibu kila mara na jina limetoka wapi, parokia zipi ziliungana, urefu na upana wake, imepakana na nani. Kurasa zilizoskaniwa ni bure. Ni maneno mengi, wengine wanahubiri humo humo, lakini kurasa mbili za mwanzo zinatosha kwa kazi yako.

Kuna na ile ya parokia ya kanisa tu, ambayo haikuwa ya kiserikali, Waskoti wanaiita quoad sacra. Babu yake Livingstone alitoka kisiwa cha Ulva. Ulva ilikuja kuwa parokia ya namna hiyo, lakini kiserikali kisiwa kiko ndani ya Kilninian and Kilmore, Argyll. Groome anaitaja tofauti hii wazi, ramani haiongei. Kwa hiyo ukiona jina lako lina maneno hayo mawili ya Kilatini mbele yake, jua unatakiwa uwe na parokia mbili kwenye daftari, sio moja.

Na mwaka 1891 usisahau. Mipaka ilirekebishwa nchi nzima, vipande vya parokia vilivyokuwa vimeachwa upande wa pili wa kaunti vikahamishwa. Toleo la kwanza la ramani linaonyesha kabla, la pili linaonyesha baada, ukiyafungua mawili pembeni kwa pembeni (NLS wana ukurasa wa hivyo) unaona shamba likihama parokia bila kusogea hata hatua. Groome ni wa kabla ya 1891 kwa hiyo anaendana na toleo la kwanza, GB1900 kwa sehemu kubwa inaendana na la pili. Wakipingana wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Ramani za zamani zaidi

Ramani ya Roy, 1747 hadi 1755, ilichorwa na jeshi baada ya yale maasi ya 1745 dhidi ya mfalme. Nzuri kutazama, kujua kama kijiji kilikuwepo. Kwa parokia haifai, mipaka hamna na majina yameandikwa na wanajeshi kwa kusikia. Blaeu, atlasi iliyochapwa Amsterdam 1654 kutokana na kazi ya Timothy Pont, ndo kabisa. Itumie tu kama una hati ya karne ya 17 yenye tahajia za kizamani, kule ambako Whithorn inaanza na Quh na herufi z inasimama pasipo sauti ya z, kama Kirkgunzeon ambayo wenyeji wanaitamka karibu na Kirkgunion. Ukiwa na jina la namna hiyo kwenye ScotlandsPeople weka nyota au alama ya kuuliza badala ya herufi unazozishuku, mfumo unakubali.

Sasa ukiniuliza kwa haraka. Una kijiji na kaunti: Groome, halafu ScotlandsPeople moja kwa moja, ramani ni ya kuthibitisha. Una shamba tu: GB1900 kwenye NLS, ukipata zaidi ya moja nenda vitabu vya majina usome maelezo. Una parokia ambayo haipo kwenye orodha yoyote: Statistical Accounts. Una jina la mtu na mwaka tu: hapo ndo uanze na kulipa, sensa ya 1851 au ya baadaye, sio 1841. Na kama umefanya yote, parokia unayo, miaka inaendana, na mtoto bado hayumo kwenye ubatizo, angalia kama ni baada ya 1843, maana mwaka huo kanisa la taifa lilipasuka, wachungaji wengi walitoka na waumini wao wakaanzisha Free Church, na ubatizo wao haukuandikwa kwenye rejista ya parokia. Hizo ScotlandsPeople wameziweka kwenye kundi la makanisa mengine, fungu tofauti kabisa la kutafutia.